Siku Tupu Katika Ratiba: Tadbiri na Tawakali katika Safari ya Amerika ya Kusini

Mtu anayepanga safari ya wiki sita kutoka Bogotá hadi Ushuaia, akipitia Ekwado, Peru, Bolivia na Chile, hulazimika kuyaandika mambo yasiyotokea kana kwamba yameshatokea: tarehe 9 atalala Cusco, tarehe 14 atavuka mpaka wa Bolivia, tarehe 30 atakuwa Santiago akisubiri ndege ya kwenda kusini. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo, maandishi ya namna hiyo yanagusa onyo la kale. Sura ya Al-Kahf, katika aya ya 23 na ya 24, inamkataza mtu kusema kwamba kesho atafanya jambo fulani bila kulifunga jambo hilo na mapenzi ya Mwenyezi Mungu, na Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaotaja mji watakaokwenda, muda watakaokaa na faida watakayoipata, ilhali hawajui hata kesho yao itakuwaje. Je, ratiba ya safari ndefu ni kiburi, yaani kujitwalia wakati ambao ni wa Mungu peke yake, au ni wajibu wa kiumbe aliyepewa akili ili aitumie?

Jibu lililozoeleka ni kuongeza “inshallah” au “Mungu akipenda” mwishoni mwa kila sentensi, na hapana ubaya katika hilo. Lakini tamko hilo hubaki la mdomoni tu ikiwa ratiba yenyewe imebanwa, basi likiungana na ndege na ndege ikiungana na treni, hata mapenzi ya Mungu yakakosa pa kuingilia isipokuwa kwa kuivunja safari nzima. Insha hii inashikilia kwamba anayelitamka neno hilo kwa dhati hana budi kuliandika ndani ya ratiba, na kwamba namna ya kuliandika ni siku tupu, yaani siku ambazo hazikukatiwa tiketi, hazikulipiwa chumba, wala hazikuahidiwa kwa mtu yeyote.

Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha mambo mawili ambayo watu wa kawaida huyachanganya. Tadbiri ni kuyapanga mambo kwa kuangalia mwisho wake, na tawakali ni moyo kumtegemea Mungu katika yale ambayo tadbiri haiyafikii. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyajadili haya kwa kirefu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, tena kwa mifano ya wasafiri, kwa kuwa jangwani ndiko swali hili lilikowabana watu kweli kweli. Hakukubali kwamba mtu anayekwenda kukaa katika bonde lisilo na maji wala mpita njia amefikia daraja ya juu ya imani. Alimhesabu kuwa mkosaji. Anamtaja mcha Mungu Ibrahim al-Khawwas, ambaye alisifika kwa kusafiri bila masurufu, lakini hakuachana kamwe na sindano, mkasi, kamba na chombo cha maji. Sababu yake inafaa kuzingatiwa: chakula kinaweza kutoka kwa mtu njiani, lakini kamba ya kufikia maji ya kisima kirefu haiokotwi jangwani, na nguo ikichanika hapana sindano inayomea mchangani. Kipimo chake, kwa hiyo, kilikuwa kutambua ni kitu gani njia haiwezi kukitoa.

Kwa msafiri wa leo anayetoka Dar es Salaam au Mombasa, orodha ya mambo hayo inajulikana. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huweza kudaiwa mpakani, na chanjo yenyewe huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo haichomwi usiku wa kuamkia safari. Anayeomba viza hutakiwa mara nyingi kuonyesha tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Hizi ndizo sindano na kamba za zama hizi, na kuzipuuza kwa jina la imani ni uzembe uliovikwa joho la ibada.

Hata hivyo bara lenyewe humfundisha mpangaji mapema kwamba hawezi kupata yote. Katika milima ya Andes ya Peru na Bolivia mvua kubwa hunyesha kati ya Desemba na Machi, na njia ya miguu ya Wainka inayoelekea Machu Picchu hufungwa mwezi wote wa Februari. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kiangazi huko Patagonia, kusini mwa Chile na Ajentina, ambako majira ya baridi hufunga njia nyingi za milimani. Na ndiyo miezi ambayo Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi wa Bolivia wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, hufunikwa na tabaka jembamba la maji linaloakisi mbingu. Hakuna mwezi mmoja unaofaa kila mahali. Kupanga, basi, ni kukubali kukosa, na mtu anayeketi na kalenda ya bara hili kwa uaminifu hukutana na ukomo wake wa kibinadamu kabla hajafunga begi.

Mwili nao una hukumu yake. Lima iko pwani na Cusco iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ndege huyaunganisha majiji haya kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Damu haiendi kwa kasi hiyo. Ugonjwa wa mwinuko, yaani maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu unaowapata wanaopanda juu kabla mwili haujazoea hewa yenye oksijeni hafifu, haumbagui kijana wala mwenye nguvu, na ukizidi unaweza kuua. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 kila usiku katika mahali pa kulala, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Ni jambo la kutafakari kwamba tiba imefika, kwa njia yake yenyewe, mahali pale pale ambapo baadhi ya dini zimesimama tangu kale: katika hesabu ya siku lazima iwepo ile isiyodaiwa kazi.

Historia ya bara hili ina mfano ambao wenye kudharau mipango na wenye kuiabudu wangefaa kuusoma pamoja. Mwanasayansi Alexander von Humboldt na mwenzake Aimé Bonpland walipanda Andes mwaka 1801 wakikusudia kumkuta nahodha Nicolas Baudin pwani ya Peru na kuizunguka dunia pamoja naye. Walipofika Quito walipata habari kwamba Baudin alikuwa amepita upande wa Afrika na asingefika Peru kamwe. Mpango wa miezi mingi ukawa umekufa. Humboldt alibaki milimani, na Juni 1802 akapanda mlima Chimborazo hadi karibu mita 5,900, bila kufika kileleni, akiangalia jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda; na uchunguzi wa safari hiyo ndio uliojenga elimu ya mtawanyiko wa mimea kwa mujibu wa mwinuko na hali ya hewa. Msemo kwamba mja hupanga na Mungu hupangua hautoshi kueleza tukio hili, kwa sababu unamfanya Mungu mshindani wa mpangaji. Bila ya mpango wa kumkuta Baudin, Humboldt asingekuwa Quito. Na lau angekuwa na tarehe ya kuwahi mahali pengine, asingekaa huko miezi.

Wenyeji wa nyanda za juu wana busara yao katika jambo hili, na ingekuwa hasara kuwapitia kama mandhari. Huko Copacabana, mji wa Bolivia ulio ukingoni mwa Ziwa Titicaca, kiasi cha mita 3,800 juu, kuna kanisa lenye sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa na Francisco Tito Yupanqui na kuwekwa hapo mwaka 1583. Mbele ya kanisa hilo madereva hupanga magari, malori na mabasi yaliyovishwa mashada ya maua; boneti hufunguliwa, padri hupita akinyunyiza maji ya baraka juu ya injini na ndani penye usukani, na akishaondoka mwenye gari humwaga bia kwenye magurudumu kwa heshima ya Pachamama, mama ardhi. Wako watakaoona hapo mchanganyiko wa dini usiokubalika, na mjadala huo una haki yake. Jambo la kuangaliwa hapa ni kinachobarikiwa: ni chombo na anayekiendesha, wala haiombwi tarehe ya kuwasili.

Waaymara, ambao ni wengi katika eneo hilo, wanautazama wakati kwa namna inayoafiki ibada hiyo. Rafael Núñez na Eve Sweetser, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2006, walionyesha kwamba wazee wa Kiaymara wanapozungumzia yaliyopita hunyoosha mkono mbele, na wanapozungumzia yajayo huashiria nyuma ya bega, kwa kuwa yaliyopita yameonekana na yajayo hayana macho ya kuyaona. Mtu anayeuelewa wakati hivyo anaweza kupanga vizuri kabisa, ila hawezi kujidanganya kwamba anaiona tarehe 30.

Ratiba iliyobanwa ina dhambi nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba uzito wake hubebwa na wengine. Katika njia ya Wainka huenda wapagazi, na sheria ya Peru imeweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mwanamume. Hakuna sheria inayopima haraka ya mgeni. Dereva anayeshinikizwa aendeshe usiku kucha kwenye njia za milimani ili abiria wake wawahi ndege analipa kwa usingizi wake, na pengine kwa uhai wake, kosa lililofanywa mezani na mtu asiyemjua. Hapo swali la kumtegemea Mungu linakuwa pia swali la haki kwa waja wake.

Na vikwazo vya njiani havina upungufu. Januari 2010 mafuriko yalikata reli ya Machu Picchu na maelfu ya wageni wakakwama bondeni wakisubiri helikopta. Machi 2020 Peru ilifunga mipaka yake kwa sababu ya janga la Uviko. Na huko Bolivia waandamanaji wamezoea kufunga barabara kuu kwa siku kadhaa. Siku tupu mbili tatu zisingetosha kwa misiba mikubwa ya namna hiyo, lakini kwa barabara iliyofungwa, homa ya siku moja au mwenyeji anayemwomba mgeni abaki hadi sikukuu, zinatosha. Itasemwa kwamba hizi ni siku za matajiri, kwa kuwa mfanyakazi mwenye likizo fupi na akiba aliyoikusanya kwa miaka hawezi kulipia siku asizozitumia. Pingamizi hilo ni la kweli na linastahili jibu la kweli: mwenye kidogo ndiye asiyemudu kupoteza tiketi tano kwa kuchelewa basi moja, na njia ya kuzipata siku hizo ni kupunguza nchi. Anayekusudia nchi tano kwa wiki nne apange tatu, azitenge siku tupu kabla ya kukata tiketi ya kwanza, na azilinde hata pale anapoonyeshwa kwamba mahali pengine pazuri pangeweza kuingia humo.