Fidla na Haki ya Kusamehe

Yehudi Menuhin, mpiga fidla Myahudi wa Marekani aliyesifika tangu utotoni, aliwapigia manusura wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, na mwaka 1947 akapiga mjini Berlin akiongozwa na Wilhelm Furtwängler, ambaye hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi lakini aliendelea kuongoza okestra, yaani kundi kubwa la wanamuziki, chini ya utawala wa Hitler. Wayahudi wengi walimlaumu Menuhin, na lawama yao ilikuwa na uzito, kwani msamaha, yaani kuachilia deni la kosa, ni haki ya aliyekosewa, na waliouawa hawana wakili. Menuhin alitaka upatanisho. Nia hiyo, ingawa ni ya ukarimu, haimpi mwanamuziki mamlaka ya kufuta deni asilodai yeye.