Mwili Hauwekwi Rehani

"Papa, hakuna haki bila wajibu." Niliambiwa hivyo na msimamizi wa hospitali moja hapa Goma, ambayo sitaitaja, tulipokwenda na wazee wa mtaa kumwombea mama mmoja wa Mabanga aachiwe arudi nyumbani. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Daktari alishamruhusu, nyuzi zilishatolewa, mtoto ananyonya. Bili tu ndiyo ilibaki, na mumewe, anayebeba makala, yaani makaa, kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, hakuwa na cha kulipa. Kitanda chake alipewa mwingine, yeye akawekwa kwenye mkeka koridoni, na askari wa getini hakumpitisha mtu bila karatasi yenye muhuri wa keshia. Kila usiku aliolala pale uliongezwa kwenye bili ileile. Tulichanga, akatoka, na habari yake ingeishia hapo kama si sentensi ile. Ilitamkwa kwa upole wa mwalimu, chini ya bango lililoandikwa "Haki na Wajibu wa Mgonjwa", safu mbili zenye urefu sawa.

Haki ni nini na wajibu ni nini, wanasheria wamekwisha kueleza, nami sina ugomvi nao. Katiba yetu ya 2006 inaitaja haki ya afya katika ibara ya 47, na sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ikaja juu yake. Tupite.

Kinachonikera ni jinsi neno la kweli linavyoweza kushikwa kichwa chini. Hakuna haki bila wajibu: sawa kabisa. Lakini wajibu wa nani? Mtoto mchanga ana haki ya kulishwa, na wajibu wa kumlisha hauko kwake. Haki yangu haisimami hewani, inasimama juu ya mabega ya mtu mwingine. Simone Weil, akiandika London mwaka 1943 wakati Ufaransa yake imekaliwa na Wajerumani, alilisema hili wazi kuliko wote niliowasoma: wajibu ndio unaotangulia, na haki ya mtu inapata nguvu pale wengine wanapokiri kwamba wanawiwa naye. Ukilisoma neno la msimamizi kwa namna hiyo, maana yake inakuwa kwamba hakuna haki ya mgonjwa bila wajibu wa hospitali, wa serikali na wa jirani. Yeye alilisoma kama bei: leta wajibu wako, nikupe haki yako. Kitu unachokipata kwa kukilipia kwanza kina jina lake sokoni, na jina hilo si haki.

Hapo wapo wanaonijibu kwamba haya ni mawazo ya Wazungu, na kwamba sisi Waafrika tuliandika wajibu wetu wenyewe katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981. Tuliandika kweli, ibara ya 27 hadi ya 29: wajibu kwa familia, kwa jamii, kwa taifa. Nimezisoma zaidi ya mara moja nikitafuta mahali panaposema kwamba aliyeshindwa wajibu wake hupoteza haki zake. Hapapo. Ibara ya 16 ya mkataba huohuo inampa kila mtu haki ya afya, bila kuuliza kwanza kama ana deni. Na wazee wetu, ambao jina lao hutajwa ovyo katika hoja hii, walimdai mtu mbuzi wake au shamba lake, wakamwita barazani. Hawakumzuilia mzazi na kichanga chake.

Tena, wajibu upi hasa? Mgonjwa anao, wala simtetei anayeukwepa. Amwambie daktari ukweli kuhusu dawa za kienyeji alizokunywa. Amalize vidonge vya kifua kikuu hata akijisikia mzima. Asimtukane muuguzi. Huu ni wajibu wa mtu anayetibiwa, nao unaisha anapomaliza matibabu. Bili ni deni. Daktari akishatia saini, pale koridoni hakuna mgonjwa tena, kuna mdaiwa, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza katika ibara ya 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Anayedhani nacheza na sheria aende chumba cha maiti. Huko nako miili huzuiwa mpaka familia ilipe. Maiti ana wajibu gani ambao hajautimiza?

Na mji huu unajua kutibu bila kuuliza bili. Julai 1994, kolera ilipowavamia wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, na walionusurika hawakuzuiliwa kwa gharama ya maji ya chumvi waliyotundikiwa. Leo aliyepigwa risasi akifika hospitali ya CBCA Ndosho, anapasuliwa kwa msaada wa Msalaba Mwekundu na hadaiwi. Ni vizuri, na iendelee. Lakini mama wa Mabanga hakupigwa risasi. Alizaa tu. Halafu usiku wa kuamkia Machi 1, 2025, kwa taarifa ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, wapiganaji wa M23 waliingia Ndosho na hospitali ya Heal Africa wakachukua wagonjwa 116 kule na 15 huku. Tulishtuka, na ilistahili. Uovu wa kumtoa mtu kitandani kwa bunduki haulingani na bili. Hata hivyo hasira yetu ilitoka kwenye wazo moja, kwamba mwili ulioletwa kutibiwa si mali ya mwenye nguvu. Wazo hilo linazuia geti lisivunjwe kwa kuingia. Sioni kwa nini lisilifungue kwa kutoka.

Kitu kingine kinachokosekana kwenye bango lile ni mlinda mgonjwa. Ukitaka kujua wajibu unakaa wapi katika hospitali zetu, nenda uani saa kumi na mbili jioni. Wanawake wameinama juu ya mbabula, moshi wa makala unawatoa machozi, bugali unasongwa, sombe inachemka. Mlinda mgonjwa ndiye anayemgeuza mgonjwa usiku, anayemwaga beseni, anayekimbilia famasi na karatasi ya dawa, anayemwamsha muuguzi chupa ya maji ikiisha. Mgonjwa asiye na ndugu, mlinzi wa kitanda cha jirani humpakulia naye. Hakuna aliyewaandikia safu yao. Ningeweza kuwaandika mpaka kesho, maana kila ninapowatazama naona kwamba kwetu mgonjwa si mtu mmoja, ni nyumba nzima iliyolazwa.

Lakini hilo linamsaidia pia msimamizi. Kama mgonjwa ni nyumba nzima, basi nyumba nzima inadaiwa. Na kwa kweli hospitali inalijua hili kuliko sisi: haimzuii mama ikitumaini atalipa akiwa kwenye mkeka. Inamzuia ili sisi tusilale. Kinachokusanywa pale keshia ni upendo wa jirani, na kila tunapochanga tunathibitisha kwamba njia hiyo inaleta fedha.

Wapo wanaosema wauguzi hukaa miezi bila mshahara na dawa hununuliwa taslimu: ni kweli, na ni zito. Wapo wanaosema baadhi yetu hujifanya maskini: kweli pia.

Hali hii ina mzizi wake: tangu mawaziri wa afya wa Afrika walipokubaliana Bamako, Septemba 1987, kwamba mgonjwa achangie gharama, kituo kimeachiwa kujilisha kwa mgonjwa. Na mahakama peke yake haitoshi. Kenya, Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuia akina mama wawili katika hospitali ya Pumwani kwa ajili ya bili kulivunja katiba, akaamuru mmoja alipwe fidia ya shilingi 1,500,000 na mwingine 500,000. Wagonjwa waliendelea kuzuiwa hata baada ya hapo, kwa kuwa hukumu ilifungua geti bila kujaza sanduku la hospitali.

Sasa nani alijaze hapa Goma? Uzazi wa bure ulianzia Kinshasa Septemba 2023, na serikali iliyouahidi haitawali mji huu tangu Januari 2025, M23 walipouteka na benki zikafunga milango. Kama haki inasimama juu ya wajibu wa mwingine, kama nilivyodai, lazima nimtaje huyo mwingine. Kinshasa ndiyo iliyojifunga kwa mikataba yote niliyoitaja. Lakini kodi ya sokoni inakusanywa na wengine, wenye bunduki, na akili yangu inaniambia kwamba anayekusanya kodi anarithi madeni ya mtawala kwa raia, ya hospitali yakiwamo. Nikilisema hivyo nitakuwa nimemtambua kama mtawala. Nisipolisema, mama anayezaa leo usiku hana wa kumdai isipokuwa sisi majirani.