Maji Yakirudi

Tunasema "ana maji kwenye mapafu", ila maji yenyewe hukaa nje ya pafu, kati yake na ukuta wa kifua, yakilibana. Kama chanzo ni TB, kuna dawa za miezi sita. Kama ni moyo, kuna vidonge vya kukojoza. Mimi nawaza habari ya yule ambaye saratani imeshasambaa, amebaki mifupa, na kila baada ya wiki mbili tatu maji yamerudi. Tumpeleke tena?

Hapa Kasulo swali hilo lina kilomita ndani yake. Kata hii ya Ngara, ambayo dunia iliisikia mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo na kujaa Benaco, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Bugando, Mwanza. Kuvuta maji kwa sindano si lazima ufike huko. Ikitoka lita moja au moja na nusu, mtu anapumua siku hiyohiyo. Kuyazuia yasirudi ndiyo kazi: kutia unga wa talki ili pafu ligandane na ukuta wa kifua, au kuacha mrija mwembamba wapunguze wenyewe nyumbani. Huko ndiko safari inakoanzia.

Na safari ina wenyewe. Mtoto aliye Dar akishatuma hela kwa simu, nani atathubutu kusema isitumike? Mgonjwa anapakiwa ili sisi tusije kulaumiwa msibani.

Lakini wale wa "ameshazeeka, mwacheni" nao siwaungi mkono. Siku kumi za kupumua ni siku kumi. Kumwacha akihema kama aliyekimbia, wakati sindano au morfini ya kunywa ingempunguzia, ni ukatili tu uliovaa kanzu ya subira.

Katika Kifo cha Ivan Ilyich (1886), madaktari wa Tolstoy wanabishana kuhusu figo, huku Gerasim, mtumishi, akiibeba miguu ya bwana wake mabegani usiku kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu. Gerasim hakuwa na dawa. Alijua tu kinachomsumbua mgonjwa saa ile, na hakumdanganya.

Basi aulizwe mzee mwenyewe: safari, sindano ya hapa karibu, au mito ya kuegemea na dawa? Ila aulizwe watoto wakiwa wametoka nje. Mbele yao atajibu, "Mtakavyoona ninyi, wanangu."