Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Barazani, mtu anapokataa kipande cha halua kwa sababu ya kisukari, hakosi mwenziwe wa kumtania: "Ulizidi kula, sasa unalipa." Ni mzaha, lakini ndani yake mna hukumu: mgonjwa amejitakia. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Aina ya kisukari iliyoenea zaidi hutanguliwa na ukinzani wa insulini: mwili huacha kuitii homoni inayozifungulia seli mlango zipokee sukari iliyomo damuni. Mwaka 2012, watafiti wa Amsterdam walitangaza matokeo ya jaribio la wanaume 18 wanene wenye ukinzani huo. Nusu yao walitiwa matumboni, kwa mpira, kinyesi kilichochujwa cha watu wembamba wenye siha. Nusu walirudishiwa cha kwao. Baada ya wiki 6, miili ya wale waliopokea cha wenzao iliitii insulini vizuri zaidi. Mwaka 2019, watafiti wa Ubelgiji walieleza kuwa bakteria wa utumbo aitwaye Akkermansia muciniphila, hata akiwa ameuliwa kwa joto, aliwaletea watu wanene nafuu ya namna hiyo katika miezi 3.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi ikiwa viumbe tusiowaona, ambao wengi wao hatukuwachagua, wana kauli katika siha zetu, nani mwenye ujasiri wa kumwambia mgonjwa kuwa amejitakia?

Hata hivyo, tusiharakishe kuitua dhima. Jaribio kubwa zaidi la Amsterdam, lililotangazwa 2017, lilionesha kuwa nafuu ya wiki 6 ilikuwa imetoweka kufikia wiki ya 18. Wageni hawakudumu. Nao bakteria hawa huishi kwa tunachokila. Wengi wao hustawi kwa nyuzinyuzi za kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa. Kumkaribisha mgeni ni jambo moja, kumtunza ni jingine.

Kwa hiyo mgonjwa ana dhima, ila dhima si lawama. Lawama huchimbua ya jana. Dhima huuliza la kufanywa leo. Na suala hilo halimhusu mgonjwa peke yake. Sisi tuliokaa naye barazani, tunaomcheka kwa kuikataa halua, je, tumemwekea sahani anayoweza kula?