Mtembea Bure na Kamera Yake

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Maana yake ni wazi: atembeaye pasipo kusudi huenda akaokota kitu njiani, hali yule akaaye tu haokoti chochote. Siku hizi mtembea bure amepata mwenzi wa safari, nayo ni kamera, au simu yenye kamera ndani yake, na kazi ya kuokota imekuwa rahisi kupita kiasi. Basi, ndugu wasomaji, yafaa tuulize swali ambalo wengi wataliona dogo. Je, mtu atumiaye jioni nzima kuzunguka na kupiga picha, bila kutumwa, bila kulipwa, wala bila kujua atazifanyia nini, anautumia vema wakati wake? Na zile sura za watu alizorudi nazo nyumbani, je, alikuwa na haki ya kuzichukua?

Tusiliweke swali hili katika miji mikubwa, ambamo kila pembe ina kitu cha kushangaza. Tulipeleke Mgori, katika Mkoa wa Singida. Huko ni nyanda za juu za katikati ya nchi yetu, nchi ya upepo na ya msimu mmoja wa mvua, ambako watu hulima mtama, uwele na alizeti, na kufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Msafiri mwenye haraka atasema kwamba hapana la kutazama. Lakini tuseme kwamba mwalimu kijana amehamishiwa huko, naye baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi anatoka saa kumi na moja ya jioni kwenda kupunga upepo, na simu yake mkononi. Anapiga picha ya kivuli cha mti kilichorefuka barabarani, ya mlango wa duka uliofungwa, ya kuku wakitafuta pa kulala, ya mama apepetaye nafaka uani kwake. Jua likiisha kuzama, nusu saa haipiti kabla giza halijatanda, kwani karibu na ikweta machweo hayakawii. Anarudi na picha arobaini, wala hakuna aliyemwomba hata moja.

Shitaka la kwanza juu yake ni la uvivu. Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri aweza kuuliza kwa haki: Huyu naye anafanya nini? Tena shitaka hili lina mtetezi mkubwa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alijishitaki mwenyewe kwa sababu ya macho yake. Alikiri kwamba mbwa amfukuzaye sungura shambani aliweza kumtoa katika mawazo mazito, na kwamba hata nyumbani mwake mjusi akikamata nzi, au buibui akiwanasa katika utando wake, yeye huduwaa akitazama. Wala hakukubali udhuru ulio mwepesi. Alisema kwamba ni kweli, kutokana na mambo hayo huendelea kumsifu Muumba, lakini hakuanza kutazama kwa nia hiyo. Hivyo hatuwezi kumtetea mwalimu wetu kwa kusema tu kwamba mwishoni alishukuru kwa uzuri wa jioni.

Hata hivyo, tuangalie vizuri ni kitu gani alichokiogopa Augustino. Aliogopa jicho linalotekwa, jicho ambalo kila kipitacho hulivuta, na moyo hulifuata kama mbuzi avutwaye kwa kamba. Ugonjwa huo tunaujua sana leo, tena tunaujua kutokana na simu ileile. Mtu apitishaye kidole juu ya kioo usiku kucha, akirukia picha hii na ile, ametekwa kweli kweli, na akiulizwa asubuhi aliona nini hana jibu. Lakini kutembea polepole katika Mgori, mahali pasipo na kitu cha kumteka mtu, ni jambo la namna nyingine. Huko jicho lisipokaa halioni kitu. Zamani filamu ilitoa picha 12 au 36 tu, na uchache huo ulimlazimisha mtu kusimama na kuchagua. Leo hakuna wa kumlazimisha, hata imekuwa juu yake mwenyewe kusimama. Ndiyo kusema kwamba si kukosa kusudi kunakomtia mtu hatiani, bali kukosa kukaa.

Watu wa zamani katika sehemu zetu walikuwa na elimu hiyo ya kukaa. Katika nchi ya Kondoa, mkoa jirani wa Dodoma, kuna michoro katika miamba ambayo mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili kwa taabu nyingi, na ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Imo twiga, wamo pofu, wamo watu warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Hatudai kujua waliichora kwa nia gani. Jambo moja lakini ni dhahiri: hapana awezaye kuuchora mwendo wa mnyama pasipo kumtazama muda mrefu.

Tena kusudi nalo lina upofu wake, na habari hii haisemwi mara nyingi. Alizeti inatufundisha. Ua lake likiwa changa hulifuata jua, lakini likikomaa hutulia likielekea mashariki. Kwa hiyo mpiga picha aliyetumwa kuleta picha nzuri ya alizeti za Singida atakwenda asubuhi, naye atafanya sawa, kwa kuwa ndipo jua linapoyaangaza maua usoni. Mtembea bure apitaye jioni atayakuta yameligeuzia jua kisogo, na mwanga ukipenya katika majani yale ya manjano kutoka nyuma. Hakuna aliyemtuma kuona hivyo, na kwa sababu hiyo aliweza kuona hivyo.

Kama ilivyo kwa maua, ndivyo ilivyo kwa watu. Wengi waendao vijijini na kamera huenda na shauri lililokatwa tangu mjini. Mmoja anatafuta njaa, naye atapita nyumba kumi zilizoshiba mpaka aipate iliyo na njaa. Mwingine anatafuta maendeleo, naye atampanga mkulima mbele ya trekta. Aliyekuja Mgori kwa ajili ya msitu ataona msitu tu. Nao unastahili kuonwa, kwa maana ni hekta kama 40,000, na tangu katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka ndivyo vilivyokabidhiwa kuutunza na kuulinda. Lakini mlinzi wa msitu si mlinzi saa zote. Jioni ni baba anayemcheka mtoto wake, au ni jirani anayebishana juu ya bei ya mbuzi. Atafutaye mlinzi hatamwona baba. Asiyetafuta kitu aweza kumwona mtu mzima, na hili ni tendo la haki, si la uvivu.

Hapo basi tunafika kwenye shitaka la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Kuokota ni kutwaa kitu kilichoanguka, ambacho mwenyewe haonekani. Kivuli cha mti hakina mwenyewe. Uso wa mtu unaye mwenyewe, naye yupo hapo hapo, amesimama mbele yako.

Jambo hili lilianza tangu mwanzo wa upigaji picha. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara moja ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Picha zake zilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na hivyo magari ya farasi na watu waliokuwa wakipita hawakuacha hata alama. Mmoja alionekana, kwa sababu alisimama kung'arishiwa viatu vyake. Inasemwa kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza kuonekana katika picha ya mji. Jina lake halijulikani, na hata kinyago cha mng'arisha viatu hakitambulikani vizuri. Wala hakuna dalili kwamba waliulizwa. Daguerre alikuwa juu dirishani, nao walikuwa chini barabarani.

Linganisha hayo na desturi iliyokuwa katika studio zetu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja, na watu wakaingia humo wakiwa wamevaa nguo zao zilizo bora. Wazazi wengi wasomao ukurasa huu wamewahi kukaa mbele ya pazia kama lile, siku ya arusi au ya ubatizo wa mtoto. Katika studio mtu hutoa sura yake kwa hiari, tena aweza kukataa kucheka. Barabarani hutwaliwa asipotazamia. Na picha iliyotwaliwa leo haikai sandukuni: kabla mama yule wa Mgori hajamaliza kupepeta, yaweza kuwa imekwisha kufika kwa watu elfu asiowajua, nao wakatoa maneno yao juu ya nguo yake na uwanja wake. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini hakuna askari atakayesimama pale uani.

Dawa iliyoko ni ya zamani, nayo ni salamu. Mwalimu yule akifika penye uwanja, kwanza na aseme shikamoo, na aitikiwe marahaba. Na aulizwe ametoka wapi, na yeye aulize mavuno yamekuwaje. Ndipo aombe. Wapo watakaosema kwamba salamu huiharibu picha, kwa sababu mama ataacha kazi, atafunga kanga vizuri na kusimama wima kama mlingoti. Na iwe hivyo. Akipenda kuonekana amesimama wima, nani amempa mwalimu mamlaka ya kumtaka ainame?

Tena mama aweza kusema hapana, na hapo ndipo kijana wetu anapopimwa. Aliyetembea bure kweli kweli, akinyimwa picha hajapoteza kitu, kwa kuwa hakuja kutafuta kitu. Ataitia simu mfukoni, ataendelea na mazungumzo, na jioni itabaki nzuri vilevile. Lakini akinung'unika moyoni, au akijificha nyuma ya ukuta ili aipate picha kwa hila, basi ajue kwamba hakuwa mtembea bure hata kidogo. Alikuwa na kusudi tangu alipotoka nyumbani, ila alikuwa amelificha hata mwenyewe asilione: alitaka kupata, na watu wa Mgori walikuwa kwake kama shamba lisilo na mwenyewe.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na wale waonao kwamba kila saa isiyozaa kitu ni saa iliyotupwa. Mtu asiyeweza kutazama ila atakapo faida, mwishowe atawatazama hata watoto wake kwa namna hiyo. Wala hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba macho hayana pazia, na kwa hiyo kila kionekanacho ni halali kuchukuliwa. Pazia la macho lipo, nalo ni heshima.

Wazazi, watoto wenu wana simu mikononi, au watakuwa nazo karibuni. Msiwanyime jioni moja moja ya kutembea pasipo shughuli, hasa ninyi mkaao penye uwanda mpana na mbingu kubwa. Waacheni wakae kimya na kuona jinsi mwanga unavyobadilika juu ya mtama. Lakini wafundisheni kwamba watu hawaokotwi. Mtoto akirudi nyumbani jioni na kuwaonyesha sura ya jirani katika simu yake, msimwulize kwanza kama picha ni nzuri. Mwulizeni: Ulimsalimu?