Neno la Mchungaji: Eliya Chini ya Mretemu

Masomo: 1 Wafalme 19:1-18, 2 Wafalme 20:1-7



Katika toleo hili nilikusudia kuendelea na Waraka kwa Wafilipi. Nimeuweka kando kwa sababu ya jambo lililotokea katikati yetu, na lawama kubwa ni yangu mimi mchungaji wenu. Mama nitakayemtaja amenipa ruhusa kuandika. Jina lake nimeliacha.

Wakati wa mfungo wetu mama huyu alinijia baada ya ibada. Alikuwa halali usiku, chakula hakimpiti kooni, na mchana kutwa anakaa mlangoni akitazama chini. Kliniki walimpa vidonge. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, hivi vidonge vya kichwa, mtu aliyeokoka anaruhusiwa kuvimeza?"

Mimi nilikuwa na haraka, watu wengine wananisubiri. Nikamjibu, "Mama, sasa tuko katika mfungo. Mwamini Bwana, hivyo weka kando kwanza." Wamama wa maombi wakamwekea mikono, wakakemea roho ya huzuni, tukasema amina. Alipofika nyumbani akavitupa vidonge chooni.

Wiki ya tatu, alfajiri, mtoto wake mkubwa akaja kunigongea mlango akilia. Yale tuliyoyakuta sitayaandika hapa. Inatosha niseme kwamba Mungu alituwahisha, na mama yu hai.

Ndugu zangu, siku zile sikuweza kuhubiri vizuri. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa Kiyunani, historia ya kanisa, hata namna ya kumwombea mwenye pepo. Habari za ubongo hatukufundishwa hata saa moja. Kwa hiyo nilikwenda nikakaa na muuguzi, nikauliza kama mwanafunzi, nikasoma. Ninayoandika ni yale niliyoyaelewa.

UBONGO NAO NI KIUNGO

Mtu wa kisukari mwili wake una shida ya insulini, na hakuna mzee wa kanisa anayemwambia aache sindano ili aonyeshe imani. Mwenye malaria tunambeba kwa boda mpaka kliniki, tena tunaomba njiani. Lakini ugonjwa ukipanda kichwani, mara moja tunauliza: ametenda dhambi gani? Nani amemroga? Ana pepo gani?

Ubongo una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe hizi hupeana habari, lakini nyingi hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana, kama mto usio na daraja. Sisi tuliovuka maji kwa mtumbwi usiku tunajua maana ya kufika ukingoni na kukosa wa kukuvusha. Habari ikifika ukingoni mwa chembe moja huvushwa na kemikali, na hiyo ndiyo mitumbwi. Kuna serotonini, ambayo inahusika na usingizi, hamu ya chakula na utulivu wa moyo. Kuna dopamini, inayohusika na hamu ya kutafuta jambo na raha ya kulipata. Kuna noradrenalini, inayotuamsha na kutupa nguvu. Mtumbwi ukishafikisha mzigo hurudishwa ulikotoka. Dawa nyingi za ugonjwa wa huzuni hufanya kazi hapo hapo mtoni: fluoxetini huzuia serotonini isirudishwe upesi, amitriptilini huzuia serotonini na noradrenalini pia. Hakuna uganga ndani yake.

Tena kuna adrenalini na kotisoli, ambazo hutoka katika tezi zilizo juu ya figo. Mungu alituwekea hizi ili tukimbie hatari. Moyo unapiga, miguu inapata nguvu, njaa inasahaulika. Ndizo zilizotuokoa wengi wetu. Lakini ziliwekwa kwa ajili ya hatari ya muda mfupi, na sisi tumekimbia miaka. Waliokuwa Juba Desemba 2013 na Julai 2016 wanajua, na waliotoka Fizi, Uvira, Bujumbura na Khartoum wanajua. Mwili ulioogopa mara nyingi hushindwa kuzima ile hofu. Upepo ukipiga bati, moyo unaruka. Usingizi unakatika saa nane usiku. Na mtu asiyelala wiki baada ya wiki, hata imani yake ikiwa kama mlima, mawazo yake huanza kuwa meusi.

Jinsi dawa hizi zilivyogunduliwa ilinishangaza. Wengi hapa mnaijua isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Ina ndugu yake, iproniazidi. Mwaka 1952 waliijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, na watu waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kucheka, kula, hata kucheza wodini. Madaktari walitafuta dawa ya mapafu, wakagundua kwamba inagusa huzuni. Miaka michache baadaye wakaanza kuwapa wenye ugonjwa wa huzuni. Dawa ile iliachwa kwa kuwa iliharibu maini ya wengine, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Hata hivyo msiende mkasema mchungaji amefundisha kwamba huzuni yote ni upungufu wa kemikali. Zamani hata wataalamu walieleza hivyo kwa urahisi. Mwaka 2022 watafiti pamoja na Joanna Moncrieff wa London walipitia tafiti za miaka mingi, wakasema ushahidi thabiti kwamba serotonini kidogo ndiyo chanzo haukupatikana. Wataalamu wengine wanabishana nao. Dawa inawasaidia wengi vilevile, kama panadoli inavyoshusha homa ingawa hakuna aliyeugua homa kwa kukosa panadoli mwilini.

Na sisi tunajua chanzo kingine. Mtu aliyezika watoto njiani, aliyeacha shamba, anayengoja mgao ambao unapunguzwa, huyo ana sababu ya kulia. Mwaka 2007 watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 hapa Juba. Nusu yao, asilimia 50, walikuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni, na asilimia 36 walikuwa na dalili za mshtuko wa vita. Hiyo ilikuwa kabla ya 2013! Kama kila mwenye huzuni ana pepo, basi tungelazimika kukemea nusu ya mji. Na waganga hawakuwapo. Mwaka 2016 Amnesty International waliandika kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na kwamba wagonjwa wengine waliwekwa gerezani bila kosa, kwa kukosa mahali pa kuwaweka.

MALAIKA ALIFANYA NINI?

Sasa fungueni 1 Wafalme 19. Mtu aliyeketi chini ya mretemu akimwomba Mungu amtwae roho yake ni nani? Ni nabii. Katika sura ya 18 ameshusha moto juu ya Karmeli kwa maombi, mvua imekuja kwa maombi yake, amekimbia mbele ya gari la Ahabu. Baada ya hayo Yezebeli anamtumia ujumbe wa kumwua, na yeye anakimbia jangwani, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anabaki peke yake na anataka kufa. Imani ndogo? Nani kati yetu ameshusha moto?

Angalieni malaika. Hakumkemea, wala hakumwuliza dhambi yake. Eliya alilala, malaika akamgusa, akamwambia ale. Kulikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Na malaika hakumwamsha kwa kusema umelala vya kutosha, bali alimpa chakula mara ya pili, akisema kwamba safari ni ndefu kwake. Baada ya usingizi mara mbili na mkate mara mbili ndipo akaenda siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko alikosikia ile sauti ndogo ya utulivu. Kisha Mungu akampa mwenzake, Elisha, na kumjulisha kwamba wako elfu saba ambao hawakumpigia Baali goti. Mimi nilianza na sauti, nikamnyima mama yetu mkate.

Na Hezekia je? Aliomba akilia, Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikwisha kutoka kinywani mwa Bwana. Hata hivyo Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu, na mfalme akapona. Dawa ilikuja baada ya maombi kujibiwa, na hakuna aliyesema Isaya ana mashaka.

Sikani kwamba pepo wapo. Yesu aliwatoa. Lakini huyo Yesu huyo alimgusa mwenye ukoma, akawalisha wenye njaa, akawatofautisha.

Nimezungumza na wazee, na tumekubaliana hivi. Hakuna mwombaji, wala mimi, atakayemwambia mtu aache dawa ya kliniki. Anayetumia dawa hafungi chakula. Anaweza kuomba pamoja nasi akiwa ameshiba. Vidonge hivi havifanyi kazi kwa siku moja, huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Vya amitriptilini hukausha mdomo na kuleta usingizi, ndiyo maana wengi huviacha mapema. Usiviache ghafla, rudi kwa muuguzi akupunguzie kidogo kidogo. Na ndugu yako akianza kusema afadhali afe, usimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni kliniki, na mimi mniamshe saa yoyote. Mlango wangu mnaujua.

Jambo la mwisho ni la kukaa pamoja. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, watu wenye ugonjwa wa huzuni walikutana katika vikundi, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakizungumza habari za misiba yao, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Viongozi wao walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi, hawakuwa madaktari. Kabla ya kuanza, asilimia 86 walikuwa na ugonjwa kamili. Baada ya kumaliza walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi walishuka pia, kutoka 94, lakini walibaki karibu 55. Hakuna kidonge kilichotolewa hapo. Mazungumzo nayo hufika ubongoni. Kwangu mimi ile ni kama Elisha kuletwa kwa Eliya.

Basi tumeanza. Tangu vita vya Sudan vya Aprili 2023 Gorom imejaa watu, na wengi hawana wa kuzungumza naye kwa lugha yao, kwa hiyo tumefanya kikundi cha Kiswahili na tunatafuta wa kuongoza cha Kiarabu. Ni kila Jumatano saa kumi, chini ya mti ulio nyuma ya kanisa. Atakayekuja halazimiki kusema neno, wala hatuulizi unatumia dawa gani.

Mbele ya kanisa nilikwisha kumwomba yule mama msamaha. Aliniangalia kitambo, akasema, "Baba, nimekusamehe, lakini siku nyingine uwe unasikiliza mpaka mwisho." Amerudia vidonge vyake, na kwa sasa analala mpaka majogoo. Jumatano yeye ndiye anayeleta chai. Sukari imepanda bei, kwa hiyo mwenye kijiko kimoja au viwili aje navyo.

Ni mimi mtumishi wenu katika Bwana.