Ruzuku na Mstahiki Wake

Serikali itoapo fedha ya umma ili bei ya mbolea ipungue, huzaliwa maswali mawili. La kwanza ni la hesabu: kitolewe kiasi gani? La pili ni la maadili: apewe nani? La kwanza hujibiwa na wahasibu. La pili humkabili kila raia, maana fedha hiyo imetoka mifukoni mwa wote, akiwamo maskini alipaye kodi ndani ya bei ya sabuni.

Katika kata ya Saza, mkoani Songwe, watu hutafuta riziki kwa dhahabu na kwa jembe. Dhahabu ni bahati. Aipataye haulizwi kwa nini yeye. Ruzuku si bahati. Ni mgawo, na kila mgawo una mgawaji apasaye kuulizwa.

Kati ya mwaka 2008 na 2014 Tanzania iligawa vocha. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha 3: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia, zitoshazo ekari 1 ya mahindi au mpunga. Vocha ilifidia nusu hivi ya bei. Walengwa walikuwa wakulima wadogo, na kamati ya kijiji ndiyo iliyoteua majina. Utaratibu huo ulipendeza katika maandishi, walakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, nusu iliyobaki ililipwa na mkulima mwenyewe. Asiyekuwa nayo alishika karatasi isiyoota. Pili, wateuzi walikuwa wakulima pia. Utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa huko Kilimanjaro asilimia 60 hivi ya vocha ziliingia katika kaya zenye viongozi wa kijiji. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Bei za mbolea zilipopanda duniani, njia nyingine ilifuatwa. Tarehe 8 Agosti 2022, mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyomwezesha mkulima aliyeandikishwa kununua kwa bei iliyopunguzwa. Uteuzi wa wachache uliondoka. Lakini ruzuku iliyomo ndani ya mfuko humfuata anunuaye mifuko: mwenye ekari 50 husaidiwa kuliko mwenye ekari 1, na asiye na bei ya mfuko hasaidiwi kabisa. Usawa wa bei si usawa wa msaada.

Wapo wasemao kuwa shabaha ni chakula, si sadaka. Basi apewe avunaye zaidi. Hoja hiyo ina uzito, maana mji hula mavuno ya shamba lolote. Ila awezaye kulipa bei kamili angalitia mbolea hata bila ya ruzuku; kumpa ni kununua gunia ambalo lingalivunwa vivyo hivyo. Gunia linaloongezeka kwa hakika ni la yule ambaye pasipo msaada asingalitia mbolea. Hapa haki na faida hazigombani kama idhaniwavyo.

Mstahiki, basi, si maskini kwa umaskini wake, wala tajiri kwa wingi wa mavuno yake. Ni yule ambaye msaada utabadili shamba lake. Akikosa fedha ya kuongeza, na aruhusiwe kulipa baada ya mavuno. Na ili ajulikane, majina yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, la kiongozi likiwa miongoni mwao, na kila mtu awe na ruhusa ya kuuliza. Mgawo uogopao kusomwa hadharani umekwisha kujihukumu.